Kuotesha Micheri Nyumbani kwa Kutumia Makokwa

Kokwa la cheri lililotoka mdomoni leo haliwezi kuota wiki ijayo, hata likipewa udongo mzuri, maji ya kutosha na joto. Mbegu iliyomo ndani imelala, na kinachoiamsha ni kukaa miezi kadhaa mahali penye unyevu na baridi, kama inavyokaa ardhini yenyewe wakati wa majira ya baridi kule mcheri unakoota porini. Watu wengi wanaojaribu kuotesha micheri wakashindwa hawaangushwi na udongo wala mbolea. Wameufupisha muda huo wa baridi, au wameuacha unyevu ukauke kabla muda haujatimia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hatua ya baridi, na hatua zilizobaki, ambazo anayezoea kupanda miti ya matunda atazielewa kwa haraka, zitaelezwa kwa ufupi.

Mti utakaoupata

Kabla ya kulowesha hata kokwa moja ni vizuri ukaamua unachokitaka, kwa sababu mche unaotoka kwenye mbegu haufanani kabisa na mti uliozaa tunda lile. Cheri tamu, ambayo jina lake la kitaalamu ni Prunus avium, kwa kawaida haijichavushi: ua la mti mmoja huhitaji chavua ya mti wa aina nyingine, na hivyo kila mbegu ina wazazi wawili tofauti. Mfano mzuri ni aina iitwayo Rainier, iliyopatikana mwaka 1952 katika jimbo la Washington nchini Marekani kwa kuchavusha Bing na Van. Wazazi wote wawili huzaa matunda mekundu yanayoiva hadi kukaribia weusi, lakini mtoto wao akatoka na tunda la manjano lililopakwa wekundu upande mmoja. Bing yenyewe, iliyoanzia Oregon mwaka 1875, haienezwi kwa mbegu. Mti wa Bing unaouzwa leo hutokana na jicho (chipukizi dogo lililolala) au kijiti cha mti wa Bing mwingine, kilichobebeshwa juu ya shina la mche mwingine. Cheri chachu, yaani Prunus cerasus, nyingi hujichavusha zenyewe, ndiyo maana miche yake hukaribiana zaidi na mzazi, ingawa hata hiyo haiwi nakala.

Suala la pili ni muda. Mche wa cheri tamu uliotokana na mbegu huchukua kwa kawaida miaka 7 hadi 10 kabla ya kuzaa, ilhali uliobebeshwa huanza kuzaa kati ya mwaka wa 3 na wa 5. Aidha, kwa kuwa haukubebeshwa kwenye shina la kuupunguza kimo, hurefuka hadi mita 10 na zaidi, kwa hiyo haufai kupandwa chini ya nyaya za umeme wala karibu na ukuta wa nyumba.

La tatu ni hali ya hewa, na hapa ni heri kusema wazi. Mcheri uliokomaa unahitaji baridi kila mwaka ili utoe maua, na aina nyingi za cheri tamu hudai saa 700 hadi 1,200 hivi za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 7 za Selsiasi. Friji inaweza kuiamsha mbegu, lakini haiwezi kuupa mti mzima majira ya baridi. Mahali ambapo joto halishuki, mche utaota, utatoa majani kwa kusuasua, na huenda usichanue kamwe. Zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya sehemu zenye baridi kidogo, kama vile Minnie Royal na Royal Lee, na anayeishi sehemu ya namna hiyo ni afadhali atafute makokwa ya matunda ya aina hizo kuliko kutumia kokwa lolote lililo karibu.

Anayetaka matunda mapema, na ya aina anayoijua, anunue mche uliobebeshwa. Hilo si jambo la kuonea haya. Kuotesha kokwa kunamfaa mtu anayetaka mti wa kivuli na maua, anayetaka mashina ya kubebeshea aina nyingine, au anayependa tu kuona mbegu yake itazaa nini.

Kuchagua matunda na kusafisha makokwa

Chukua makokwa ya matunda yaliyoiva kabisa, na ikiwezekana yawe ya miti inayochelewa kuiva. Sababu yake ni hii: katika aina zinazowahi sana, nyama ya tunda huiva kabla kijusi cha mbegu hakijamaliza kukua, na kokwa linalovutia kwa nje huwa na mbegu iliyonywea ndani. Cheri zilizopikwa, zilizokaushwa kwa moto au zilizofungwa kwenye makopo hazifai hata kidogo, kwa kuwa mbegu zake zimeshakufa. Zile zinazouzwa mbichi zinafaa, isipokuwa muda ambao tunda lilikaa ghalani au kwenye friji likiwa na nyama yake usiuhesabu kuwa sehemu ya baridi inayohitajika.

Anza na makokwa mengi kuliko miti unayoitaka. Uotaji wa cheri hauna mpangilio: mengine huota yote karibu kwa pamoja, mengine hutoa nusu, na mengine husubiri mwaka wa pili. Kwa mtu anayetaka miche mitatu au minne yenye afya, makokwa 20 hadi 30 si mengi.

Yaloweshe makokwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha yasugue kwa kitambaa kigumu au brashi hadi utelezi wote uishe. Usiridhike na kokwa linaloonekana safi kwa mbali. Pitisha kidole kwenye mshono wake, ule mstari unaolizunguka kwa urefu, kwa maana ndipo nyama hujificha, na nyama hiyo hiyo ndiyo italeta ukungu ndani ya friji baada ya wiki tatu. Yakishatakata, yaache ndani ya maji kwa saa 24. Yanayozama yana uwezekano mkubwa wa kuwa na mbegu nzima. Yanayoelea mara nyingi ni matupu, ingawa kokwa lililokauka sana linaweza kuelea kwa sababu ya hewa iliyomo, hivyo usiyatupe kabla saa hizo hazijatimia.

Kama utaanza hatua ya baridi mara moja, hakuna haja ya kuyakausha. Kama unasubiri, yatandaze kwenye karatasi kivulini kwa siku 3 hadi 5, kisha yahifadhi mahali pakavu na baridi. Yasianikwe juani wala yasiwekwe karibu na jiko.

Tahadhari moja inafaa kutolewa hapa. Kiini kilicho ndani ya kokwa la cheri kina amigidalini, kemikali ambayo kiini kikipondwa au kutafunwa hugeuka kuwa sianidi, ambayo ni sumu. Kokwa moja lililomezwa zima kwa bahati mbaya kwa kawaida hupita bila madhara, lakini viini visitafunwe, visisagwe pamoja na matunda, na viwekwe mbali na watoto na wanyama wa kufugwa. Majani ya mcheri yaliyonyauka nayo ni hatari kwa mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo matawi yaliyokatwa yasitupwe zizini.

Kuvunja kokwa au kuliacha

Wapo wanaoshauri kulivunja ganda ili maji yaingie upesi. Ni kweli kwamba ganda linachelewesha, lakini si ganda linaloilaza mbegu. Usingizi uko ndani ya mbegu yenyewe, na hata ikitolewa ganda lote bado inadai baridi. Katika jamii ya miti hii, mbegu iliyovuliwa maganda na kulazimishwa kuota kabla ya kupata baridi ya kutosha huweza kutoa mche uliodumaa, wenye majani yaliyosongamana karibu na udongo na shina lisilorefuka. Aidha, kiini kilichokwaruzwa wakati wa kuvunja huoza kwa urahisi. Kwa maoni yangu, yaache makokwa yako mazima, na kama una hamu ya kujaribu, vunja machache tu yaliyozidi.

Anayevunja asitumie nyundo. Lishike kokwa kwa koleo, meno ya koleo yakae juu ya mshono, kisha ubane polepole. Utasikia mlio mdogo mkavu; hapo hapo legeza mkono, hata kama ufa hauonekani vizuri. Ukiendelea kubana, ganda litaachia ghafla na koleo litakipasua kiini.

Baridi yenye unyevu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni wiki mbili za joto la wastani, karibu nyuzi 20, makokwa yakiwa tayari ndani ya kitu chenye unyevu. Muda huo hulainisha ganda na kuiwezesha mbegu ya cheri tamu kuitikia baridi vizuri zaidi. Sehemu ya pili ni baridi yenyewe: nyuzi 1 hadi 5, kwa siku 90 hadi 150. Usihesabu kwa kuanzia kiwango cha chini. Kwa cheri tamu panga angalau siku 120, na kama una nafasi ongeza nyingine 10 au 20, kwa kuwa kuzidisha wiki mbili hakuna madhara makubwa, ilhali kupunguza wiki mbili kunaweza kuharibu kazi ya miezi yote iliyotangulia.

Kitu cha kuyahifadhia kinaweza kuwa mchanga safi uliooshwa, pelaiti au vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu), au piti, yaani mabaki makavu ya mimea ya kinamasi yanayouzwa kwa ajili ya vitalu, na mchanganyiko wa viwili kati ya hivyo hufaa zaidi ya kimoja peke yake. Udongo wa bustani uuache, maana una vijidudu na mbegu za magugu. Uloweshe mchanganyiko kisha ukamue konzi moja kwa nguvu: likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha, maji yakitiririka kati ya vidole, umezidi, na makokwa yatakosa hewa, lisipotoka kitu na konzi likamomonyoka mara unapofungua kiganja, ongeza maji.

Changanya makokwa humo, uyatie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko au mfuko wa plastiki unaofungwa, na uache nafasi ya hewa. Andika nje jina la aina, kama unalijua, pamoja na tarehe ya kuanza joto na tarehe ya kuanza baridi. Usitegemee kumbukumbu, baada ya miezi mitatu chupa mbili za makokwa hufanana kabisa. Ndani ya friji chagua rafu ya kati au droo ya mboga, mbali na ukuta wa nyuma ambako vitu huganda, wala usiiweke kwenye sehemu ya barafu ukidhani kuwa baridi kali itaharakisha kazi. Mbegu iliyoganda haifanyi kazi yoyote ya kuamka. Mabadiliko yanayotakiwa hutokea kwenye baridi iliyo juu kidogo ya kuganda. Matufaha na ndizi zinazoiva hutoa gesi inayoweza kuathiri mbegu, hivyo ni vyema chupa isikae pamoja nazo.

Ifungue chupa kila baada ya wiki mbili. Kwanza inuse: harufu ya udongo baada ya mvua ni dalili njema, harufu ya uchachu ni dalili ya kuoza. Kisha angalia unyevu, na kama umepungua nyunyiza maji kidogo. Ukiona utando mweupe wa ukungu juu ya makokwa machache, usifadhaike. Yatoe yote, yasuuze kwa maji safi, ondoa yaliyolainika, badilisha mchanganyiko na uyarudishe kwenye baridi, nawe utaendelea na hesabu ile ile ya siku bila kuanza upya.

Kuanzia mwezi wa tatu, ukaguzi uwe wa kila wiki. Kokwa linaloamka hupasuka kwenye mshono wake, na katika ufa huo hutokeza ncha nyeupe ya mzizi, nene kuliko mtu anavyotarajia. Baadhi huanza kuota yakiwa bado ndani ya friji. Hayo yapandwe mara yanapoonekana, kwa sababu mzizi ukirefuka ndani ya chupa hujipinda na kukatika kwa urahisi.

Tarehe ya kuanza ipatikane kwa kuhesabu kurudi nyuma. Tafuta wakati ambao baridi kali huisha mahali unapoishi, rudi nyuma miezi minne na nusu, na hapo ndipo makokwa yanapopaswa kuingia kwenye joto la awali. Miche iliyoamshwa katikati ya giza la majira ya baridi hurefuka kwa unyonge ikitafuta mwanga.

Penye majira ya baridi ya kweli, kazi hii yote inaweza kuachiwa ardhi. Makokwa yaliyosafishwa hufukiwa kitaluni wakati majani ya miti yanapopukutika, kina cha sentimita 3 hadi 5, na kufunikwa kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Wavu huo usiuchukulie kuwa pambo: panya na kindi huyanusa makokwa ya cheri hata chini ya udongo, na kitalu kisichofunikwa kinaweza kukutwa kitupu asubuhi. Wavu uondolewe mara miche inapochomoza. Njia hii haina kazi nyingi, lakini huna namna ya kujua kinachoendelea hadi miche itakapojitokeza.

Kupanda kwenye vyungu

Siku za baridi zikitimia, hamu ya mtu ni kuyaweka makokwa mahali penye joto jingi ili yaote haraka. Usifanye hivyo. Mbegu ya cheri ikitoka kwenye baridi na kukutana mara moja na joto linalozidi nyuzi 20 inaweza kulala upya, na usingizi huo wa pili utadai baridi nyingine kuanzia mwanzo. Mahali penye nyuzi 10 hadi 15 panafaa: veranda yenye mwanga, chumba kisicho na kipasha joto, au kivuli chepesi nje.

Vyungu au mifuko iwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka chini kabla shina halijapanda, na iwe na matundu ya kutosha chini. Tumia udongo tifutifu uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri na mchanga. Panda kokwa moja kwa kila chungu, kina cha sentimita 2 hadi 3, ncha ya mzizi ikielekea chini. Kokwa ambalo halijapasuka lilaze ubavu. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, kisha subiri hadi sehemu ya juu ya udongo ianze kukauka ndipo umwagilie tena.

Miche mingi hujitokeza ndani ya wiki mbili hadi nne. Kinachotoka kwanza ni majani mawili manene ya mbegu, mara nyingine yakiwa bado yamevaa nusu ya ganda. Usilivute ganda hilo. Linyunyizie maji asubuhi na jioni, litadondoka lenyewe. Baada ya hapo huja majani halisi yenye kingo za meno madogo, na kuanzia hapo mche unahitaji mwanga mwingi na hewa inayopita. Ukiona shina limenywea na kuwa jeusi pale linapokutana na udongo, mche huo umeshambuliwa na kuvu na hauponi. Uondoe, punguza maji kwa iliyobaki na uipanue nafasi kati ya vyungu.

Vyungu vilivyokaa kimya usivimwage. Kokwa ambalo bado ni gumu na zito huenda linasubiri baridi ya pili. Lichimbue, lirudishe kwenye chupa yake, na ulipe nafasi nyingine majira yajayo.

Mwaka wa kwanza

Miche iliyooteshwa ndani izoeshwe hali ya nje kwa siku 7 hadi 10, ikianza na saa chache za kivuli na kuongezewa jua kila siku. Mbolea isiwe ya haraka wala nyingi. Mboji kidogo juu ya udongo inatosha, kwa maana naitrojeni ikizidi hutoa chipukizi laini zinazopendwa na wadudu na kuungua kwa baridi ya kwanza.

Mtu asiyeuzoea mcheri hushtuka anapokagua majani yake kwa karibu. Kwenye kikonyo cha jani, karibu kabisa na pale jani linapoanza, huonekana vinundu viwili vidogo vyekundu vinavyong'aa, na ni rahisi kudhani ni mayai ya mdudu au mwanzo wa ugonjwa. Ni tezi za asili za mti huu, hutoa utamu unaowavuta sisimizi, na hazihitaji dawa yoyote. Kinachohitaji kushughulikiwa ni majani ya kileleni yanayojikunja na kunata: yafunue utawakuta vidukari weusi upande wa chini. Yakate majani yaliyojaa, yaliyobaki yaoshe kwa maji yenye sabuni laini, na urudie baada ya siku chache, kwani waliosalia huzaliana upesi.

Siku zinapokuwa za baridi mche utapukutisha majani yote na kubaki kijiti. Huo si mti uliokufa. Kwangua gamba kidogo kwa ukucha. Penye ukijani chini yake, uhai upo. Katika kipindi hicho maji yapunguzwe, lakini udongo usikauke kabisa, na chungu kilindwe kisigande hadi ndani, kwani mizizi iliyo ndani ya chungu hupata baridi kali zaidi kuliko iliyo ardhini.

Kuhamishia shambani

Wakati mzuri wa kuhamisha ni mche ukiwa hauna majani, kabla machipukizi hayajaanza kuvimba, na ukiwa umefika angalau sentimita 30. Mcheri huvumilia mambo mengi, ila hauvumilii mizizi yake kukaa ndani ya maji. Kabla ya kuamua mahali, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena na uliangalie asubuhi inayofuata. Kama maji bado yamo, hapo si mahali pa mcheri, labda upandwe juu ya tuta pana lililoinuliwa. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 6.0 hadi 7.0 ndio unaoufaa, na jua liwepo kwa saa sita au zaidi kwa siku. Epuka pia bonde ambalo hewa baridi hutuama usiku, kwa sababu mcheri huchanua mapema, na maua yaliyofunguka huanza kufa joto likishuka kufikia nyuzi 2 chini ya sifuri.

Acha nafasi ya mita 6 hadi 9 kati ya mti na mti. Nafasi hiyo huonekana ya kupita kiasi ukiwa umeshika mche usiofika gotini, lakini micheri iliyosongana ni kero isiyorekebishika bila shoka. Shimo liwe pana mara mbili ya mizizi ila lisizidi kina chake. Mche ukae kwenye kimo kile kile ulichokuwa nacho chunguni, na udongo uliotoka ndio urudi, bila samadi mbichi ndani. Mwagilia, tandaza matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10 yakiacha duara tupu kuzunguka shina, na uzungushie wavu dhidi ya sungura na mbuzi. Kwa miaka miwili ya mwanzo mche umwagiliwe kwa kina wakati wa ukame. Maji mengi mara moja kwa wiki ni bora kuliko kikombe kila siku.

Kwa anayetaka kubebesha

Mche uliotokana na mbegu ya cheri tamu ni shina zuri la kubebeshea aina inayojulikana, na hapo ndipo kazi ya kuotesha makokwa inapolipa haraka zaidi. Shina likifikia unene wa penseli, kwa kawaida katika msimu wa pili, huwekewa jicho moja la mti unaoupenda mwishoni mwa majira ya joto, wakati gamba linapoachana na mti kwa urahisi. Gamba hukatwa kwa umbo la herufi T, jicho huingizwa chini yake, kisha hufungwa kwa utepe laini na kuachwa hadi majira ya kuchipua, ndipo shina la mche hukatwa juu ya jicho lililoshika.

Kupogolea, maua na matunda

Miti mingi ya matunda hupogolewa wakati imelala, lakini mcheri usipogolewe katika baridi na mvua. Vidonda vyake hupona polepole, na kupitia kwavyo huingia bakteria wanaosababisha vidonda vinavyotoa utomvu kama gundi, pamoja na kuvu wanaoyafanya majani yang'ae rangi ya fedha. Chagua siku kavu za majira ya joto, kata kidogo, na kisu kiwe safi. Mti mchanga unahitaji tu kuondolewa matawi yanayokwaruzana na yale yanayopanda wima sana kushindana na shina kuu.

Siku mti utakapochanua, kumbuka habari ya uchavushaji. Mcheri mmoja wa cheri tamu ulio peke yake huweza kujaa maua meupe na usishike tunda. Kupanda miche miwili au mitatu ya mbegu tofauti, au kuwa na mcheri wa aina nyingine unaochanua wakati huo huo jirani, huondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, mradi nyuki wasipulizwe dawa. Mcheri wa cheri chachu unaweza kuzaa ukiwa peke yake.

Ndege hula cheri siku chache kabla mwenye mti hajaona kuwa zimeiva, hivyo wavu ufungwe mara rangi inapoanza kubadilika, na ukingo wake ubanwe chini ili ndege wasiingie na kunaswa. Usichume mapema ukitumaini zitaivia ndani, kwa maana cheri haiendelei kuiva ikishatoka mtini. Onja moja kutoka upande wa jua na moja kutoka kivulini. Zikiwa tamu zote, anza kuchuma. Shika kikonyo, si tunda, na ukizungushe kidogo kiachie chenyewe bila kung'oa kijitawi kifupi kilichokibeba, kwa sababu kijitawi hicho hicho ndicho kitakachotoa maua mwaka unaofuata.